Kabla ya kumlaumu mtoto, soma herufi kwenye penseli yake

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho kiko katika kila nyumba yenye mwanafunzi. Kitu chenyewe ni penseli. Wengine wetu tunaiita kreyo, wengine kalamu ya risasi. Ni ileile.

Mtu atauliza, eti penseli nayo ni habari ya kuweka gazetini? Ndiyo, ni habari. Darasani mtoto mmoja anaandika na maneno yake yanaonekana vizuri. Jirani yake kwenye benchi anaandika maneno yaleyale, lakini daftari lake ni kama halijaguswa. Mwalimu ana watoto wengi, anapita haraka, anaona ukurasa mweupe, anasema huyu ni mvivu. Jioni mzazi anafungua daftari, naye anasema hivyohivyo. Kesho yake mtoto anakandamiza kwa nguvu zote, karatasi inapasuka. Sasa anaitwa mvivu na tena mchafu.

Mara nyingi mtoto huyo hana kosa. Penseli aliyopewa haifai kwa kazi hiyo, basi. Na penseli yenyewe inasema wazi iko namna gani, kwa herufi na namba zilizopigwa karibu na mwisho wake. Tujifunze kuzisoma.

Ndani hakuna risasi

Tuanze na jina, kwa sababu linaleta hofu. Mtoto mdogo akisikia "kalamu ya risasi" anaweza kushtuka, na sote tunaelewa kwa nini. Risasi anayoijua ni nyingine. Wazazi nao wana hofu yao. Wamesikia kwamba madini ya risasi ni sumu, sasa wanamwona mtoto anatafuna penseli na wanaanza kuhangaika.

Habari njema ni kwamba ndani ya penseli hakuna risasi ya namna yoyote. Jina lilitokana na watu wa zamani kutojua. Katika miaka ya 1500, huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu walipata jiwe jeusi, laini, lenye kung'aa. Wachungaji walilitumia kuwatia kondoo alama. Wakadhani ni aina ya risasi, wakaliita hivyo, na jina likahama kutoka lugha hadi lugha mpaka likafika kwetu. Mwaka 1779 mtaalamu wa kemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba jiwe hilo ni aina ya kaboni. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akalipa jina la grafaiti, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika. Kiswahili cha Tanzania kina jina lake zuri pia: madini ya kinywe.

Kaboni ni kitu tunachokijua. Makaa ya jikoni karibu yote ni kaboni, masizi kwenye sufuria ni kaboni, na almasi ni kaboni. Tofauti iko katika mpangilio. Kinywe kimepangwa kwa tabaka nyembamba sana, moja juu ya nyingine, na tabaka hizo zinateleza kirahisi. Ukipitisha penseli kwenye karatasi, tabaka zinabanduka na kubaki pale. Hiyo ndiyo alama unayoiona.

Kwa hiyo mtoto akitafuna penseli hatapata sumu ya risasi kutoka kwenye kile kiini cheusi. Hata hivyo tumkataze. Rangi ya nje hatujui imetengenezwa kwa nini, vipande vya mti vinachoma ufizi, na penseli inayopita mikono ya watoto watano inabeba vijidudu vya wote watano. Ncha ikimchoma mkononi, osha kwa maji safi na sabuni. Inaweza kubaki doa jeusi chini ya ngozi, lakini doa hilo si sumu. Ikimchoma jichoni, hapo hakuna mchezo. Usisugue, usijaribu kutoa kitu, mpeleke kituo cha afya saa ileile.

Herufi zilitoka wapi

Jiwe la Borrowdale lilikuwa na kazi nyingine pia. Walilitumia katika kalibu za kumimina risasi za mizinga, kwa hiyo lililindwa sana. Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza zikaingia vitani, na Wafaransa hawakuweza tena kupata kinywe kizuri cha Waingereza. Vita vilifunga njia ya penseli, kama vinavyofunga njia ya vitu vingi.

Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, akapewa kazi ya kutafuta njia nyingine. Alichukua kinywe cha hali ya chini, akakisaga kikawa unga, akachanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akatengeneza vijiti vyembamba na kuvichoma katika tanuri. Mwaka 1795 alipata hati ya uvumbuzi huo. Viwanda vya penseli mpaka leo vinafuata njia hiyohiyo.

Wamama wetu wanaofinyanga vyungu wataelewa upesi kilichofuata. Ukizidisha udongo, kijiti kinakuwa kigumu na alama yake hafifu. Ukizidisha kinywe, kijiti kinakuwa laini na alama yake nyeusi. Siri yote ya herufi ni hiyo, udongo kiasi gani na kinywe kiasi gani.

Namna ya kuzisoma

H ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya "ngumu". B ni ya neno lenye maana ya "nyeusi". HB iko katikati. F inakaa kati ya HB na H, na ncha yake inabaki kali kwa muda mrefu.

Namba inaongeza nguvu ya herufi. 2H ni ngumu kuliko H, na 4H ni ngumu kuliko 2H. Upande wa pili, 2B ni laini na nyeusi kuliko B, na 6B inazidi. Ngazi ya kawaida ina hatua 20: kutoka 9H iliyo ngumu kabisa, kushuka hadi H, halafu F, HB, B, na kuendelea hadi 9B iliyo laini kabisa. Viwanda vingine vinaongeza hatua zaidi pande zote mbili.

Tuzipange kwa kazi zake:

- 4H kwenda juu: mistari myembamba sana ya mafundi wa ramani na michoro ya majengo. Haifai kuandikia daftarini. Inakwaruza karatasi.
- 2H na H: jiometri, ramani, kupiga mistari kwa rula, mwanzo wa mchoro.
- F na HB: kuandika kila siku, hesabu, mtihani.
- B na 2B: mtoto anayeanza kuandika, na mchoro wa kawaida.
- 3B hadi 6B: kutia kivuli katika mchoro.
- 7B kwenda juu: weusi mzito wa wachoraji. Inaisha haraka na inachafua mikono.

Hapa tunaomba tuelewane juu ya jambo moja. Namba kubwa haina maana ya ubora. Sokoni muuzaji anaweza kukuambia, "Mama, chukua hii, ni namba sita, ni ya juu kabisa." 6H kwa mtoto wa darasa la kwanza ni hasara tupu, hata ikiwa imetengenezwa vizuri namna gani. Usitoe pesa ya fungu la sombe kwa namba peke yake. Tazama herufi kwanza.

Jambo la pili, penseli kutoka Marekani mara nyingi hazina herufi. Zina namba tu, na nyingi ni za rangi ya manjano zenye namba 2. Namba 2 yao ni sawa na HB yetu. Namba 1 ni laini, kama B. Namba 3 ni ngumu, kama H, na namba 4 kama 2H. Kwa hiyo mtoto mwenye 2 ya Marekani na mwenye 2B hawana penseli moja.

Jambo la tatu, viwanda havipimi kwa kipimo kimoja. HB ya kiwanda hiki inaweza kuwa nyeusi kidogo kuliko HB ya kile. Ndiyo maana ni vizuri kujaribu kwenye kipande cha karatasi kabla ya kulipa.

Mtoto wako anahitaji ipi?

Mtoto wa miaka mitano au sita bado hana nguvu kwenye vidole. Mpe B au 2B. Ataandika bila kukandamiza, mkono hautachoka, na maandishi yataonekana hata mahali penye mwanga mdogo. Akizoea kuandika vizuri, mpe HB. Inadumu zaidi na haipaki ukurasa wa pili.

Karatasi za daftari zetu nyingi ni nyembamba. Penseli ya H ikikandamizwa inaacha mfereji kwenye kurasa tatu za chini yake. Na ukifuta, mfereji unabaki. Ukiona mifereji ya namna hiyo katika daftari la mwanao, tazama penseli yake kabla ya kusema neno.

Kwa mitihani inayosomwa na mashine, HB ndiyo inayotajwa mara nyingi. Ndugu zetu walio kambi za Kenya wanajua habari hiyo, maana mtihani wa KCPE, uliofanyika mara ya mwisho mwaka 2023, ulijibiwa kwa penseli kwenye karatasi ya namna hiyo. Mashine ya IBM ya mwaka 1938 ilitambua jibu kwa sababu kinywe kinapitisha umeme. Mashine za siku hizi zinatazama kwa mwanga: palipo peusi ni jibu, palipo peupe hakuna. Alama ya 4H inaweza kuonekana kama hakuna kitu. Alama ya 6B inapakaa, na ukifuta inaacha uchafu ambao mashine inaweza kuuona kama jibu la pili. Mtoto anajua jibu, lakini alama anapoteza.

Aina nyingine utakazokutana nazo

Penseli ya fundi seremala ni bapa, ili isibingirike na kuanguka kutoka kwenye ubao. Kiini chake ni kinene na kinavumilia mti usiolainishwa. Inachongwa kwa kisu. Kwa daftari ni nene mno.

Penseli ya kubonyeza ni ya plastiki au chuma, na inatoa kijiti chembamba, mara nyingi cha unene wa milimita 0.5 au 0.7. Haihitaji kuchongwa. Lakini mtoto anayekandamiza atavunja vijiti kutwa nzima, na kununua vingine ni pesa.

Kuna vijiti vya kinywe kitupu visivyo na mti, vya kuchorea eneo kubwa. Kuna pia penseli za makaa. Alama ya makaa ni nyeusi sana isiyong'aa, wakati kinywe kinang'aa kidogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Halafu kuna ile "penseli" ya watoto wetu wenyewe. Wanapasua betri ya redio iliyokwisha na kutoa kijiti cheusi cha katikati. Kweli, kijiti kile ni kaboni na kinaandika. Lakini unga mweusi na maji yanayokizunguka ni kemikali zisizofaa kushikwa na mtoto, na mtoto anashika leo, anakula ugali kwa mkono uleule. Tuwakataze. Akikosa penseli, kipande cha makaa baridi ya jikoni ni salama zaidi.

Ili moja idumu muhula mzima

Chonga upande usio na herufi. Wengi tunachonga popote, herufi zinapotea wiki ya kwanza, halafu hatujui tena tuna nini mkononi.

Ukikata penseli katikati ili ndugu wawili wagawane, na tunajua nyumba nyingi zinafanya hivyo, nusu moja inabaki bila herufi. Iwekee alama kwa kisu: mkato mmoja kwa H, miwili kwa HB, mitatu kwa B. Watoto wanashika haraka.

Usiiangushe. Penseli ikianguka kwenye sementi, kiini kinakatika ndani ya mti bila wewe kuona. Kila ukichonga, ncha inatoka. Watu wanasema penseli ni mbovu, kumbe ilianguka wiki iliyopita.

Kwa penseli laini, usichonge ncha ndefu. Itakatika. Na ukitumia wembe, mtu mzima ndiye achonge.

Raba ikipotea, kiini cha mkate kikavu kidogo kinafuta. Hata Ulaya walifutia mkate kabla ya raba kuanza kuuzwa huko Uingereza mwaka 1770. Lakini jamani, mkate huo uwe wa kubaki, usiwe wa chai ya asubuhi.

Anachora, je, anapoteza penseli?

Swali hili wazazi wanaliuliza sana. Penseli ni chache, mtoto anakaa nyuma ya nyumba anachora magari, ng'ombe, ndege, na wakati mwingine nyumba ambayo wadogo zake hawakuwahi kuiona. Mzazi anakasirika.

Sisi tunaomba asikatazwe. Kuchora kunazoesha vidole vilevile vinavyoandika. Kunamfundisha kutazama kitu mpaka akielewe, na mtoto wa namna hiyo atachora moyo au ua katika somo la sayansi bila shida. Tena kuna mambo ambayo mtoto hana maneno yake, au hataki kuyasema mbele ya watu. Akiyaweka kwenye karatasi, msichane. Msimhoji kama polisi pia. Kaeni karibu naye, akitaka kusema atasema.

Kwa kuchora, penseli tatu zinatosha kabisa: 2H, HB na 4B. Jaribuni hivi. Wekeni dumu la maji, yaani bidoni, mlangoni, mwanga utoke upande mmoja. Kwa 2H chora umbo lake polepole, bila kukandamiza. Kwa HB kaza mistari iliyo sahihi, mkono wa dumu na kifuniko. Kwa 4B tia kivuli upande usio na mwanga na chini ya dumu, pale linapogusa ardhi. Upande wa mwanga usiguse, acha weupe wa karatasi. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono ili usipake.

Mwenye HB peke yake asikate tamaa. Achore viboksi vitano mfululizo. Cha kwanza akiache cheupe, cha pili akiguse kidogo, na kuendelea mpaka cha tano kiwe cheusi kadiri anavyoweza. Akirudia kila siku, mkono wake utajifunza kutoa vivuli vingi kutoka penseli moja.

Mnajua?

Mti wa penseli ulitoka karibu na sisi pia. Mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya unalainika vizuri chini ya kisu, na wakati wa ukoloni mbao zake zilisafirishwa nje kwa viwanda vya penseli. Kinywe chenyewe kiko Mahenge na mkoa wa Lindi huko Tanzania, kiko Madagaska, na Balama, kaskazini mwa Msumbiji, kuna hazina kubwa sana. Siku hizi kinywe kinatafutwa pia kwa ajili ya betri. Simu iliyo mfukoni mwako ina kinywe ndani ya betri yake.

Na ukiwa na kipande cha 4B kilichobaki kidole kimoja, usikitupe. Kipake kwenye zipu iliyokwama au kwenye meno ya ufunguo wa kufuli linalokaza. Tabaka zilezile zinazoteleza kwenye karatasi zitateleza na pale.

Tunachoomba

Leo jioni, kabla taa haijazimwa, ombeni penseli za watoto na msome zilichoandikwa. Ukikuta mdogo wa darasa la kwanza au la pili ana H, 2H au zaidi, usiitupe na usimkasirikie. Mpe ailete kwa mwalimu wake. Wakubwa wanaosoma jiometri wanazitafuta hizo, na wao mara nyingi wana B wasizozihitaji. Tutabadilishana hapohapo darasani, bila malipo, penseli kwa penseli.

Na lile daftari ulilosema ni la mvivu, lifungue tena karibu na mwanga, uliinamishe kidogo. Huenda maneno yote yako pale.

Mbaki salama, tuonane mwezi ujao.